Kuchagua Baiskeli ya Kwendea Kazini Mbali

Mtu ambaye kazi yake ni mwendo wa robo saa kutoka nyumbani, baiskeli yo yote humtosha. Hata kama kiti kimelegea, mnyororo unalia kwa kukosa mafuta, na breki moja imekwisha kazi, atafika. Lakini siku kazi yake itakapohamia mbali, baiskeli ile ile iliyokuwa rafiki itaanza kumtesa. Magoti yatamuuma, mipira itatoboka njiani, na mlinzi wa langoni atamwandika katika kitabu cha wachelewaji mara mbili tatu kwa juma. Ndipo mtu hufanya shauri la kununua baiskeli nyingine, na ndipo wengi hupoteza fedha zao, kwa sababu huchagua kwa macho: hutazama rangi, maandishi yaliyo juu ya fremu, na wingi wa gia.

Habari hii yawahusu sana wakazi wa Nyayo Highrise, mtaa wa maghorofa ulio kando ya Barabara ya Mbagathi, jirani na Bwawa la Nairobi na Soweto Mashariki ya Kibera. Yawahusu vile vile ndugu zao wa vijiji vingine vya Kibera na wa Kawangware. Tangu miaka mingi wafanyakazi wa sehemu hizi huonekana alfajiri wakienda kwa miguu, makundi kwa makundi, kuelekea Eneo la Viwanda. Huko si mbali sana kwa mwenye baiskeli, ni kilomita 6 au 7 hivi. Lakini viwanda na maghala mengi siku hizi yako mbele zaidi, kwa kufuata Barabara ya Mombasa, huko Imara Daima, Embakasi, Mlolongo na hata Athi River. Mtu aliyeajiriwa karibu na njia panda ya kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ana safari ya kilomita kama 13 kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi.

Na tuifanye hesabu yake. Kwa miguu, mtu mwenye nguvu huenda kilomita 5 kwa saa, basi atatumia saa mbili na nusu na zaidi kabla ya kuanza kazi. Kwa baiskeli, hata akienda bila haraka, kilomita 15 kwa saa si neno kubwa, naye atafika kabla ya saa moja kwisha. Tena tuseme kwamba nauli ya matatu ni shilingi 80 asubuhi na 80 jioni. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 4,160, na kwa mwaka ni shilingi 49,920. Kila mtu ajua pia jinsi nauli ipandavyo mara wingu linapotanda. Fedha hizo ni karo ya mtoto, au kodi ya nyumba ya miezi kadha. Kwa hiyo baiskeli njema si anasa, lakini baiskeli mbaya yaweza kuila faida hiyo yote kwa matengenezo, na siku za kazi zilizopotea juu yake.

Kabla ya kutazama baiskeli dukani, yafaa mtu aitazame njia yake kwanza. Mji wa Nairobi umeinama. Upande wa magharibi, huko Karen na Ngong, nchi iko juu, nayo hushuka pole pole kuelekea mashariki mpaka tambarare za Embakasi na Athi. Mtu wa Nyayo Highrise aendaye Barabara ya Mombasa hushuka asubuhi akiwa na nguvu mpya, na jioni hupanda akiwa amechoka, na pengine tumbo li tupu. Aendaye Karen kufanya kazi ya bustani au ya ujenzi mambo yake ni kinyume: hupanda asubuhi na kuteremka jioni. Wa kwanza ndiye anayedanganyika zaidi, kwa maana hununua baiskeli baada ya kuijaribu kwenye mteremko, akaisifu kwa wepesi wake, kumbe hajaipandisha kilima hata kimoja.

Hapo ndipo neno la gia linapoingia. Watu wengi hudhani kwamba gia ni za kukimbilia. Si hivyo. Kwa mfanyakazi, gia ni za kupandia, na kupumzisha magoti. Tuchukue baiskeli nyeusi ya kawaida ya inchi 28, ile ambayo watu wa Kenya wameibandika jina la Black Mamba. Tuseme gurudumu lake la meno la mbele lina meno 44, na lile dogo la nyuma lina meno 18. Mguu ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na karibu nusu, na baiskeli husogea kama metre 5 na nusu. Kwenye tambarare kipimo hicho ni kizuri kabisa. Lakini kwenye kilima, kwa kila mzunguko wa mguu unauinua mwili wako na chuma chako kwa urefu wa metre 5 na nusu za barabara, upende usipende. Ndiyo sababu watu huonekana wamesimama juu ya pedali, wakiyumba huku na huku mbele ya matatu, jambo ambalo ni la hatari.

Sasa chukua baiskeli yenye gia, mnyororo ukiwa juu ya meno 38 mbele na meno 28 nyuma. Mzunguko mmoja wa mguu huisogeza kama metre 3 tu. Utakwenda pole pole, lakini utakwenda umeketi, na pumzi yako haitakatika. Juu ya tambarare mtu aweza kuhamisha mnyororo hadi meno madogo ya nyuma, akapata metre 7 na nusu kwa mzunguko mmoja. Mapana hayo, kutoka 3 hadi 7 na nusu, yatosha kwa safari zote za Nairobi, nayo hupatikana kwa magurudumu ya meno sita au saba nyuma na mawili mbele. Baiskeli inayouzwa kwa sifa ya gia 21 haina mwendo wa aina 21. Gia zake nyingi hulingana, na nyingine hupindisha mnyororo hata ukasaga meno. Mnunuzi asilipe hata senti kwa ajili ya hesabu hiyo iliyoandikwa kwenye fremu.

Kuna gia za namna nyingine ambazo zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kampuni ya Sturmey-Archer ilianza kuzitengeneza Nottingham, Uingereza, tangu mwaka 1902, na baiskeli kuukuu ziletwazo kutoka Ulaya na Japani huwa nazo mara kwa mara. Gia ya katikati ni ya kawaida, ya chini hupunguza mwendo kwa robo, na ya juu huongeza theluthi. Kwa hiyo zile metre 5 na nusu huwa metre 4 na kidogo kilimani, au metre 7 na kidogo kwenye tambarare. Uzuri wake ni kwamba vumbi na matope havifiki ndani, na mnyororo hukaa umenyoka daima. Ubaya wake ni kwamba si kila fundi wa barabarani ajuaye kukifungua kitovu hicho na kukirudisha. Mwenye kununua na aulize kwanza kama yuko fundi wa kazi hiyo karibu naye.

Na ikiwa fedha ni chache? Basi asitupe mamba wake. Kwa bei ndogo fundi aweza kuondoa lile gurudumu la meno 18 nyuma na kutia la meno 20, au la 22 likipatikana. Likiwa 22, mzunguko wa mguu huwa wa metre 4 na nusu badala ya 5 na nusu. Kwenye mteremko miguu itazunguka upesi zaidi, lakini jioni mtu atalikumbuka neno hili kwa shukrani. Ni ajabu jinsi watu wachache walivyojaribu dawa hii iliyo rahisi.

Baiskeli nyeusi zina heshima yake. Umbo lake lilitoka Uingereza zamani, na viwanda kama Raleigh, kilichoanza Nottingham katika miaka ya 1880, viliusambaza mtindo huo duniani kote. Baadaye India na China zikashika kazi hiyo. Kwa kubeba gunia, mkungu wa ndizi au mitungi ya maji hazina mfano. Pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndizo zilizobeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka katika miaka ya 1960, likazaliwa neno boda boda, ambalo sasa limechukuliwa na pikipiki. Lakini kubeba mzigo na kwenda mbali kila siku ni kazi mbili tofauti. Baiskeli za Buffalo, ambazo shirika la World Bicycle Relief huziunganisha Kisumu, zimeongeza nguvu juu ya umbo lile la kale. Keria yake huchukua kilo 100, na tangu mwaka 2023 iko aina yenye mwendo wa namna mbili, ambao hubadilishwa kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Mtu ambaye baada ya kazi hupitia sokoni kuchukua mzigo wa biashara ya mkewe, huyo na aitazame baiskeli ya jamii hiyo. Asiyebeba kitu ila mkoba na chakula cha mchana, hana haja ya kusukuma chuma kingi namna hiyo.

Tukija kwenye uzito, watu hubishana sana, na wengi huupima mahali pasipo pake. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 22 ni kilo 87. Juu ya baiskeli ya kilo 14 ni kilo 79. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi, na barabarani mipira iliyolegea humrudisha nyuma mtu kuliko kilo hizo nane. Uzito wajulikana ngazini. Katika maghorofa ya Nyayo Highrise, akaaye juu hana budi kuipandisha baiskeli begani kila jioni, kwa kuwa kuiacha chini usiku ni kumwachia mwizi. Na akaaye Soweto katika chumba cha futi kumi kwa kumi, yeye hulala na baiskeli ndani pamoja na watoto, sufuria na jiko. Kwake yeye jambo kubwa ni upana wa usukani na kwamba pedali zisimpige mtoto gizani. Basi mnunuzi na ainyanyue baiskeli begani pale pale dukani, ahesabu hadi mia moja, kisha ajiulize kama ataweza kufanya hivyo baada ya kilomita 26.

Sasa twaja kwenye mipira, na hapa namwomba msomaji avumilie kidogo, kwa maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu husema “mpira wa inchi 26” au “wa inchi 28” kana kwamba maneno hayo yatosha. Hayatoshi. Kuna mipira ya inchi 26 ya aina mbalimbali isiyoweza kubadilishana hata kwa kulazimishwa. Kipimo cha kweli kimeandikwa ubavuni mwa mpira kwa tarakimu mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 47-559 au 40-635. Tarakimu ya kwanza ni unene wa mpira kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale mpira unapokaa. Mamba wa inchi 28 ana 635. Baiskeli za milimani za inchi 26, ambazo zimejaa Nairobi, zina 559. Lakini baiskeli kuukuu ya Kiingereza, iliyoandikwa 26 kwa 1⅜, ina 590, na mpira wa 559 hauingii humo kamwe. Zile ziitwazo 700 zina 622, na hata zile mpya kubwa ziitwazo za inchi 29 zina 622 hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kununua, soma tarakimu ya pili, iandike, kisha uende kwa mafundi wawili watatu walio kando ya njia yako ya kila siku. Usiende kwa wale wa mjini tu. Waulize kama wana mpira wa nje na wa ndani wa kipimo hicho. Wakisema hawana, iache baiskeli hiyo hata ikiwa nzuri kama arusi. Siku mpira utakapopasuka pale Imara Daima saa moja jioni, uzuri wake hautakufikisha nyumbani. Tena tazama vali, yaani pale pa kutilia upepo. Ziko za namna tatu: ile nene kama ya gari, ambayo hujazwa hata kwenye kituo cha petroli, ile ya kale ya mamba, na ile nyembamba sana ya baiskeli za mashindano, ambayo pampu za mafundi wengi haziishiki. Iliyo nene ndiyo yenye salama kwa mfanyakazi.

Unene nao una maana. Mpira mwembamba wa milimita 25 hukimbia vizuri juu ya lami safi, lakini Nairobi lami safi haina urefu. Kuna kokoto, vipande vya chupa, mashimo, na kingo za barabara zilizomeguka. Wa milimita 50 wenye meno makubwa hufaa porini, nao juu ya lami huvuma na kula nguvu za mtu bure. Kwa safari tunayoizungumza, mpira wa milimita 37 hadi 47, wenye uso laini au meno madogo, ndio wa kufaa. Ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni, sio kwa kubonyeza kwa kidole gumba.

Wakati wa masika na wa vuli, mtu wa Kibera na Kawangware hutoka kwenye udongo mwekundu, ambao huteleza lakini huoshwa kwa maji. Akifika sehemu za South C na Embakasi hukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hushika. Hujaa kati ya mpira na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, na mtu akaibeba baiskeli iliyopaswa kumbeba. Basi chagua baiskeli yenye madigadi, maana mtu hawezi kuingia kazini na mgongo wa matope, lakini hakikisha kidole kimoja kizima chapita kati ya madigadi na mpira.

Kuhusu fremu nina maneno mawili. Ya chuma, ikivunjika, fundi wa jua kali huichomelea, na kesho yake mtu yuko barabarani. Ya alumini ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ikipasuka si kazi ya kila mchomeleaji, na aghalabu huwa ndio mwisho wake. La pili ni springi. Vijana hupenda sana baiskeli zenye springi mbele, na nyingine hata katikati ya fremu. Katika baiskeli za bei ya chini, springi hizo ni uzito mtupu. Huanza kulegea baada ya miezi michache, na kila ukikanyaga kwa nguvu kupanda kilima, sehemu ya nguvu zako hupotea kwa kuibonyeza springi badala ya kuisogeza baiskeli. Uma wa chuma ulionyoka na mpira mnene kidogo vyafanya kazi ile ile kwa bei nafuu.

Kimo cha baiskeli si jambo la kuonea haya. Simama ukiwa umeipanua miguu juu ya chuma cha juu cha fremu, nyayo zote mbili chini. Isipobaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, baiskeli hiyo ni kubwa kwako, na siku utakaposimama ghafula utaumia. Kisha keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyoka. Ukirudisha ncha ya wayo mahali pake, goti litapinda kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Watu wengi sana huendesha kiti kikiwa chini mno ili wafikie ardhi upesi. Kwa mwendo wa robo saa hakuna dhara, lakini kwa saa nzima kila asubuhi na kila jioni, magoti hayatafika mwaka wa pili bila kulalamika.

Breki zisipimwe siku ya jua. Zile za mamba wa kawaida, zivutwazo kwa vyuma virefu, hukamata rimu ya chuma iliyong’arishwa, na rimu hiyo ikilowa huteleza kama sabuni. Ateremkaye Barabara ya Lang’ata wakati wa mvua kwa breki za namna hiyo, huku basi limesimama ghafula mbele yake, amejitia mikononi mwa bahati. Rimu za alumini hukamatwa vizuri zaidi zikiwa na maji. Breki iliyo ndani ya kitovu, inayoshika kwa kurudisha pedali nyuma, haijali mvua hata kidogo, lakini mnyororo ukikatika breki nayo imekwenda, kwa hiyo lazima iwepo nyingine mbele. Jaribio lake ni rahisi: isukume baiskeli kwa mkono, kisha kamata breki ya mbele kwa nguvu. Gurudumu la nyuma likiinuka, breki ni nzima. Likizidi kwenda, muuzaji na aitengeneze kabla hujatoa fedha.

Wengi watanunua baiskeli kuukuu, na hapana aibu, kwa maana kuukuu iliyotengenezwa vema mara nyingi hupita mpya ya bei rahisi. Lakini macho yawe wazi. Inua gurudumu uzungushe, utazame kama rimu yapepesuka. Shika mkono wa pedali uutikise upande kwa upande. Ukicheza, gololi zimekwisha. Pitisha kidole chini ya maungio ya fremu karibu na usukani, ukitafuta ufa uliofichwa kwa rangi mpya. Mwisho, igeuze chini juu usome namba iliyogongwa chini ya fremu, pale mikono ya pedali inapopita. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Ikiwa ipo, iandikwe kwenye stakabadhi pamoja na jina la muuzaji, maana kupokea mali ya wizi ni kosa mbele ya sheria ya Kenya, na kusema “sikujua” mbele ya askari bila karatasi mkononi si kazi nyepesi.

Baiskeli za umeme nazo zimeanza kuonekana mjini. Kwa kupanda kilima cha jioni ni msaada mkubwa. Walakini betri ni sehemu ya bei yake iliyo kubwa, nayo huchoka kwa miaka. Anayeshiriki mita moja ya stima na majirani kumi, na afikiri kwanza ataichaji wapi na kwa fedha ya nani.

Imebaki barabara yenyewe. Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza sera ya usafiri usiotumia injini, iliyotaka sehemu ya 20 kwa mia ya fedha za ujenzi wa barabara itumiwe kwa ajili ya waendao kwa miguu na wa baiskeli. Barabara ya Ngong ilipopanuliwa ilitiwa njia za baiskeli, ingawa wachuuzi na pikipiki nao wameziona. Kwingine, mwenye baiskeli hana njia yake. Barabara ya juu, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, hairuhusu baiskeli kabisa, na magari ya Barabara ya Mombasa yaliyo chini yake hayana huruma. Mtu wa Nyayo Highrise na ajaribu kupenya kwa Nairobi West na South C, akatokee Bellevue. Huenda ikawa ya kuzunguka, lakini magari ya mitaani huenda pole pole. Penye mzunguko wa Uwanja wa Nyayo, ashuke avuke kwa miguu. Dakika tatu hazimfukuzishi mtu kazi.

Taa nayo ihesabiwe katika bei ya baiskeli tangu mwanzo, pamoja na kufuli imara. Nairobi jua huchomoza karibu na saa 12.30 asubuhi mwaka mzima, na kwa saa hizo hizo za jioni huzama. Mtu atokaye nyumbani saa 11.15 alfajiri ili awahi zamu ya saa moja, nusu kubwa ya safari yake i gizani. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kitambaa cha kung’aa mgongoni. Taa ya nyuma ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo itazamwayo na dereva wa lori.

Ukishainunua, usiipeleke kazini Jumatatu. Siku ya Jumapili iendeshe njia nzima hadi langoni mwa kazi na kurudi, ukiwa na saa, pampu, spana, viraka na gundi. Utajua kilima kipi chataka gia ipi, wapi pana fundi, na dakika ngapi za kuongeza. Rudi nyumbani kaza njugu zote, kwa maana baiskeli iliyotoka kuunganishwa hulegea katika kilomita zake za kwanza. Tangu hapo tia mnyororo mafuta kila juma, na kila mwezi uupime kwa rula: nafasi 24 za pini zilizofuatana, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, ni milimita 305 mnyororo ukiwa mpya. Zikifika 307, ubadilishe mara moja, kabla haujala meno ya nyuma, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya mnyororo.